Msanii Akifa, Nani Hufufua Nyimbo Zake?

Vijana wa Dodoma wanaojifunza gitaa kupitia simu, hasa wa vyuoni, hufika mahali wakakutana na Nick Drake. Ni Mwingereza aliyeimba nyimbo zake mwenyewe kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake, akatoa albamu tatu, akafariki Novemba 1974 akiwa na miaka 26. Wakishamsikiliza, mjadala unaanza. Mmoja atasema amekuwa maarufu kwa sababu amekufa. Mwingine atakataa: alikuwa mzuri, na kizuri chajiuza. Wa tatu, ambaye tayari gitaa liko mapajani, atasema marehemu hadai kitu, kwa hiyo nyimbo zake ni za yeyote. Halafu yupo wa nne, mara nyingi aliyekulia Mvumi au Chamwino, anayeuliza: mbona na sisi tuna marehemu wetu waliopiga zeze na marimba hadi watu wakaacha kula, na hakuna anayewafufua?

Swali la huyu wa nne ndilo zito. Ila hatulifikii bila kwanza kuwatoa njiani wale watatu, maana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli na kukigeuza kuwa ukweli wote.

Kwanza tuelewane maneno

Wimbo na rekodi ni vitu viwili. Wimbo ni maneno na sauti yake, yaani kile alichotunga mtunzi; mwingine anaweza kuuimba kesho kwa ala nyingine na ukabaki wimbo uleule. Rekodi ni ile sauti iliyonaswa siku fulani, mahali fulani, na mtu fulani. Rekodi ya kwanza kabisa, ambayo nakala zote zimetoka kwake, wanamuziki huiita masta.

Fikiria zabibu za Hombolo. Shamba lina mwenyewe, na chupa ya mvinyo ina mwenyewe, na mara nyingi si mtu mmoja. Ukinunua chupa hujanunua shamba. Ndivyo ilivyo kwa mwenye wimbo na mwenye masta: kampuni inaweza kumiliki rekodi huku utunzi ukiwa mali ya mtunzi au warithi wake.

Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Haki ya mwimbaji, ya aliyetengeneza rekodi na ya kituo cha utangazaji huitwa hakishiriki. Fedha anayolipwa mwenye haki kazi yake inapotumika ndiyo mrabaha. Kwa Tanzania Bara mambo haya yamo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayosimamia ni COSOTA. Hayo yanatosha.

Kizuri hakikujiuza

Drake alipokuwa hai, watu hawakumsikiliza. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1969, ya mwisho 1972, na inaelezwa kuwa hakuna hata moja iliyofikisha nakala 5,000 wakati huo. Kwa soko la Uingereza la miaka ile, hiyo ni sawa na kutotoka kabisa. Maonyesho yalimshinda. Alikuwa akifunga nyuzi za gitaa kwa namna zake, tofauti na ufungaji wa kawaida, kwa hiyo kati ya wimbo na wimbo alisimama jukwaani akizungusha vifunguo kimya kimya huku watu wakiendelea na bia na mazungumzo yao. Mahojiano na waandishi hakuyapenda. Picha za video za utu uzima wake hazipo.

Halafu aliugua. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa akili unaotibika na wenye majina mabaya mengi mtaani. Sisi wa Dodoma tuna deni letu hapa: hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko mjini kwetu, na tumeigeuza jina lake kuwa tusi la kutaniana. Drake alikufa kwa dawa zilizozidi kiasi. Uchunguzi rasmi uliandika kuwa alijitoa uhai, na waliomjua hawakuafikiana wote. Wanaosimulia kwamba huzuni ndiyo iliyomfanya atunge vizuri wanamkosea. Albamu ya pili ina ngoma, pembe na uchangamfu mwingi, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kabla ugonjwa haujamwelemea. Ugonjwa ulimnyang'anya nyimbo, haukumpa.

Sasa amefikaje kwenye simu ya kijana wa Area C? Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu jibu halina muujiza.

Prodyuza wa albamu mbili za kwanza alikuwa Mmarekani, Joe Boyd. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Boyd aliuza kampuni yake kwa Chris Blackwell, mwenye Island Records, arudi kwao. Akaweka sharti: santuri za Nick Drake zisifutwe kwenye orodha ya mauzo. Kampuni za muziki zina desturi ya kuacha kuchapa kazi isiyouza. Ikishaachwa, nakala zilizobaki huzeeka makabatini, masta husahaulika stoo, na miaka kumi baadaye hata mtu akiitaka haipati. Sharti la Boyd lilizuia hilo. Miaka yote ambayo Drake hakuwa na wasikilizaji, santuri zake zilikuwa bado zinanunulika.

Pili, familia haikufunga mlango. Wazazi wake, Rodney na Molly, waliendelea kuishi katika nyumba yao kijijini Tanworth-in-Arden, na vijana waliompenda mtoto wao walipokuja kubisha hodi walikaribishwa. Zilikuwepo kanda alizojirekodia nyumbani, na baba aliwahi kuwanakilia baadhi ya wageni. Nakala hizo zilisambaa kwa magendo, lakini pia zilitunza moto. Dada yake, Gabrielle, mwigizaji, ndiye aliyekuja kusimamia urithi, na mwaka 2007 kanda za nyumbani zikatolewa kwa utaratibu.

Tatu, palitokea milango. Mwaka 1979 albamu zake zilikusanywa pamoja katika boksi moja. Miaka ya 1980 wanamuziki vijana waliokuwa na majina tayari wakaanza kumtaja kuwa aliwafundisha. Mwishoni mwa 1999 Volkswagen wakatumia wimbo wake mmoja katika tangazo la gari kwenye televisheni ya Marekani, na mauzo ya albamu yenye wimbo huo yakaruka. Msikilizaji aliyeguswa na tangazo jioni, asubuhi alikwenda dukani akaikuta santuri. Hebu fikiria kama sharti la Boyd lisingekuwepo: angekwenda dukani, angeambiwa haipo, angenunua kitu kingine.

Kwa hiyo kufufuka kwa msanii kunahitaji vitu vitatu vikutane: rekodi iwe imebaki na iwe inasikilizika, awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema "ndiyo, itumieni", na utokee mlango ambao wageni wataingilia. Ubora wa nyimbo ni wa lazima, nakubali. Lakini ubora pekee hufia ndani ya boksi.

Na kifo je?

Kifo kina mchango mdogo kuliko tunavyodhani. Wanamuziki wanakufa kila mwaka na hakuna anayewatafuta. Tunawakumbuka wachache waliotafutwa, tukadhani ndiyo kanuni. Hata ile hadithi ya mtandaoni kwamba wasanii wakubwa wana laana ya kufa wakiwa na miaka 27 imejengwa hivyohivyo: wanahesabiwa waliofia umri huo, waliofia 26 kama Drake au 34 wanaachwa.

Mtazame Sixto Rodriguez wa Detroit. Alitoa albamu mbili, 1970 na 1971, Marekani zikaanguka, akarudi kwenye kazi za ujenzi na ubomoaji. Afrika Kusini nyimbo zake zikapendwa sana, watu wakisimuliana kwamba alijiua jukwaani. Mwaka 1997 mashabiki wakamtafuta wakamkuta hai kabisa. Mwaka uliofuata akaenda kuwaimbia. Amefariki 2023 akiwa na miaka 81. Alipata ufufuo wake akiwa anapumua, kwa sababu rekodi zilikuwepo na watu walifuatilia. Jambo moja likabaki kuwa chungu: miaka yote hiyo ya mauzo, yeye alisema hakuona mrabaha wa huko. Mlango ulikuwepo, ila hesabu ilikuwa imekatika njiani.

Yupo pia Connie Converse, aliyetunga na kuimba na gitaa New York miaka ya 1950. Hakuwahi kutoa albamu. Mwaka 1974 alipakia vitu kwenye gari akaondoka, na hakuonekana tena. Gene Deitch, mchora katuni, alikuwa amemrekodi kwenye kanda nyumbani kwake. Mwaka 2004 akaicheza kanda moja redioni, na 2009 ikatoka albamu. Nusu karne ya kimya, na kilichobaki kati yake na kusahaulika kilikuwa kanda za watu wachache waliokataa kuzitupa.

"Amekufa, basi ni za bure"

Hapana. Sheria yetu ya 1999 inalinda haki za kiuchumi za mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Katika miaka hiyo haki ni ya warithi. Uingereza ni miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo utunzi wa Drake kule unalindwa hadi mwisho wa 2044. Rekodi zina hesabu yake tofauti, inayoanzia zilipotolewa: ile ya 1969 inalindwa kule hadi mwisho wa 2039.

Kijana atasema: lakini kwa hesabu ya kwetu, 1974 jumlisha 50, imekwisha! Inaonekana hivyo kwa utunzi, na ukiupiga chini ya mbuyu hapa Dodoma sidhani kuna atakayekufuata. Ila ukishaupandisha YouTube umeuingiza nchi nyingi kwa mara moja, Uingereza ikiwemo, na mfumo wao wa kutambua nyimbo hauulizi uliurekodia wapi. Utaona taarifa kwamba mapato ya video yako yanakwenda kwa mwenye haki.

Kosa lingine ni kudhani kwamba ukinunua kitu umepata haki ya kukizidisha. Wale jamaa wa vibandani wanaokujazia nyimbo kwenye memori kadi au flashi hawauzi nyimbo. Wanauza nakala ambazo hawakuruhusiwa kunakili. Nasema hivyo bila kuwabeza, maana ukweli mwingine ni kwamba nyimbo nyingi za zamani za Kigogo zimeishi hadi leo kwenye flashi zao. Ni kama baba yake Drake na kanda zake. Tofauti ni kwamba nakala za kibandani hupoteza jina. Faili linaitwa "Ngoma ya Kigogo 07", na aliyeimba ameshafutwa hapo hapo.

Turudi kwa yule wa nne

Mbona wetu hawafufuliwi? Baadhi wamefufuliwa, au tuseme hawakuruhusiwa kufa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa bingwa wa marimba na zeze, alifariki Desemba 2003, na rekodi zake zinasikika safi leo kwa sababu zilitolewa Uingereza, nyingine na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa albamu ya The Zawose Queens, wanawake wa ukoo wake. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi na kiongozi wa Afro 70, alifariki 2004, na vipindi vya zilipendwa bado vinampiga, ingawa nina wasiwasi kama vijana wengi wa Dodoma wanajua ni wa kwao. Wote wawili walipitia mashine nzuri na kampuni zenye kumbukumbu.

Mpiga zeze wa kijijini aliyefariki akiwa na miaka 30 hakupitia huko. Alipiga harusini, kwenye sherehe za jando, labda mnadani Msalato siku ya Jumamosi, na watu wakamrekodi kwa simu. Na simu ina tabia zake. Chukua marimba ya Kigogo, ile wenyewe wanaiita ilimba: boksi la mbao, vibao vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na kwenye matundu ya boksi hubandikwa utando wa buibui. Utando ule ndio unaotoa mvumo, ule mkwaruzo mwembamba unaofuatana na kila noti. Kwa mpigaji, marimba bila mvumo haijakamilika. Simu nyingi, hata hivyo, zimeundwa kuipendelea sauti ya mtu anayezungumza na kupunguza zinachodhani ni kelele. Mvumo unachukuliwa kuwa kelele. Ukija kuisikiliza rekodi nyumbani unapata vibao vya chuma vinavyogonga kama vijiko, na mjukuu anayemsikia babu kwa mara ya kwanza anashangaa watu walikuwa wanampendea nini.

Ukimtuma babu huyo kama ujumbe wa sauti WhatsApp, sauti inabanwa zaidi. Bora utume kama dokumenti, faili liende lilivyo. Na kama programu ya kurekodi ina sehemu ya kuzima upunguzaji wa kelele, izime, weka simu mbali kidogo na ala, isielekee upepo. Upepo wa Dodoma mnaufahamu.

Linganisha na Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake akirekodi muziki wa makabila mengi, Wagogo wakiwemo. Hazina yake iko Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ya Afrika, ILAM. Mtu anaweza kuwa na maneno yake juu ya mgeni wa enzi za ukoloni kuondoka na sauti za watu, nami ninayo. Lakini alikuwa na nidhamu moja ambayo sisi wenye simu za laki tano hatuna: kila wimbo aliuandikia kadi. Umerekodiwa wapi, kwa lugha gani, ala gani, na mara nyingi nani kaimba.

Hapo ndipo inapoingia dhana ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote: kwamba nyimbo za asili hazina mwenyewe. Mtindo ndio wa wote. Muheme, ngoma za wanawake, ni urithi wa Wagogo. Nindo na msunyunho vilevile. Lakini ndani ya mtindo kuna watunzi. Wimbo wa kumsema mwenyekiti wa kijiji aliyekula fedha ya kisima haukutungwa na mababu, umetungwa na mtu mwenye jina, na majirani wanamjua. Ukisikia kwenye tamasha la muziki wa Kigogo kule Chamwino kikundi kinaimba jambo la mwaka huu, muulize kiongozi wao nani katunga. Atakuonyesha kwa kidole.

Sheria inatenganisha mambo hayo. Utunzi wa mtu una hakimiliki ya mtu. Sanaa za jadi zenyewe nazo zina ulinzi katika sheria hiyohiyo: anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya jadi anatakiwa kupata idhini, na mamlaka yake ni Baraza la Sanaa, BASATA. Kwa maana hiyo prodyuza anayechukua muheme wa akina mama akaukata na kuupachika kwenye biti yake hawezi kujitetea kwamba "ni asili tu". Kuna mtunzi wa kuulizwa, kuna waimbaji wenye hakishiriki yao, na kuna baraza.

Kazi iko kwenye kikao cha mirathi

Mahali ambapo wasanii wetu wanafia mara ya pili ni kikao cha ukoo baada ya arobaini. Panahesabiwa shamba, ng'ombe, mabati, baiskeli, deni la mtu wa Bahi. Nyimbo hazitajwi, kwa kuwa hakuna anayeona ni mali. Kumbe hakimiliki hurithiwa kama mali nyingine. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama, ana nafasi ya kuziingiza nyimbo katika orodha ya mali za marehemu, na familia ikakubaliana nani atakuwa mtu wa kuulizwa. Kampuni ya matangazo, mtengeneza filamu au kituo cha redio kikitaka wimbo, kinamtafuta mtu mmoja mwenye barua. Kikikuta ndugu saba wasioelewana, kinahamia kwa msanii mwingine. Hiyo nimeisikia zaidi ya mara moja kutoka kwa watu wa studio.

Orodha yenyewe si kazi kubwa. Jina la wimbo au mstari wake wa kwanza, aliyetunga, waliopiga na kuimba, mahali, mwaka hata kwa kukadiria, aliyerekodi, na faili liko kwa nani. Maneno ya wimbo yaandikwe Kigogo kama yalivyoimbwa, na chini yake maana kwa Kiswahili, sasa hivi wakati shangazi anayeyaelewa mafumbo yake bado yupo. Nakala zikae sehemu mbili, si kwenye simu moja inayoweza kuibiwa stendi. Kama kazi zina mtunzi anayejulikana, zipelekwe COSOTA zikasajiliwe. Hakimiliki ipo hata bila kusajili, ila usajili unasaidia sana pakitokea ubishi, na ubishi hutokea siku fedha inapoonekana.

Kama marehemu alirekodi studio, muulizeni mwenye studio masta iko wapi na makubaliano yalikuwaje, hata kama yalikuwa ya mdomo. Wenye studio ndogo hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache, na hadi huyo wa kwenu afikiriwe kwa tangazo au filamu, kompyuta yenye sauti yake inaweza kuwa imeshauzwa kwa fundi.